Madubwana na Mbuzi wa Vigwaza

Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe umefika. Kauleta shemeji Mikdad, kaka yake Zuwena, kwa mdomo wake mwenyewe. Kasimama mlangoni, kakataa kiti, kakataa hata maji. Baba mkwe, Mzee Mwinyimvua, ananitaka Bagamoyo Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, baada ya swala. Nikaeleze nilikuwa wapi siku ya arobaini ya marehemu mama mkwe. Zuwena atakaa nyuma ya pazia, anasikiliza. Akiridhika, anarudi kwangu hapa Kerege. Asiporidhika, tutaonana kwa kadhi. Na nisisahau juzuu.

Siku kumi na moja! Mke wangu wa miaka tisa, nimepewa siku kumi na moja.

Niandike yote vizuri, maana nitahitaji kukumbuka nilichosema. Nyumbani kwa wakwe wanao msahafu wa juzuu thelathini, kila juzuu kijitabu chake, vyote vimepangwa ndani ya kisanduku cha mbao. Siku ya hitma kila aliyepangiwa anasoma juzuu yake. Thelathini zikitimia, msahafu mzima umesomwa, dua inaombwa, ndipo sinia za pilau zinatoka. Mzee kanipa heshima, kanipangia juzuu ya kumi na saba. Mimi nikaichukua nyumbani wiki mbili kabla, eti niipitie kidogo. Siku yenyewe, Jumapili ya tarehe ishirini na saba Julai, sikutokea. Na juzuu haikutokea! Watu wamesoma ishirini na tisa, wakabaki kutazamana. Ikabidi mtu atumwe msikitini kuazima msahafu. Naambiwa pilau ilipoa.

Maelezo yangu, niliyoyatoa kwa simu jioni ile: alfajiri nilikwenda Vigwaza kufuata mbuzi wa nyongeza, nia yangu niwatie wakwe furaha ya ghafla. Gari likaharibika. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu kauliza jambo moja tu. Na mbuzi yuko wapi?

Sikuwa nimemfikiria mbuzi. Nikasema alikimbia.

Zuwena alikuwa kwao tangu siku mbili nyuma, akisaidia jikoni. Hakurudi tena.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamka na moyo. Kwani mimi ni nani? Mimi ni Shamsudin, mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza cha Bwanausi, mwaka wa kumi na nne huu. Watu hawaji pale kuangalia filamu. Filamu wanazo kwenye simu. Wanakuja kunisikia nikizitoboa. Steringi akifyatua risasi kumi na tisa kwa bastola ya risasi sita, mimi nazihesabu kwa kipaza sauti, na kibanda kizima kinahesabu na mimi. Jambazi akiingia mlangoni na shati la bluu akatokea na la kijani, namuuliza amebadilishia wapi. Hakuna filamu iliyopita mkononi mwangu ikatoka nzima.

Basi mtu anayejua matobo yote ya dunia atashindwaje kutunga hadithi moja isiyo na tobo? Haiwezekani!

Tatizo la Vigwaza nimeliona. Kutoka Kerege kwenda Bagamoyo ni barabara moja, imenyooka, hata mgeni hapotei. Vigwaza iko huko barabara ya Morogoro. Lakini mbuzi wa kule ni wanene, kila mtu anajua. Hilo limekaa. Kinachokosekana ni shahidi.

Nimemwendea Bwanausi. Yeye atakuwa dereva. Kakubali kwa sharti moja, Jumamosi nitafsiri filamu mpya ya madubwana, na niitafsiri kwa roho yote, maana tangu Zuwena aondoke naongea mle kibandani kinyonge, wateja wanalalamika. Nimekubali.

Tumefanya mazoezi. Nimemuuliza gari lilikuwa rangi gani. Kasema jekundu. Nimemwambia jeupe, Bwanausi, tulikubaliana jeupe. Nimemuuliza liliharibika nini. Kasema mvua ilikuwa kubwa. Julai! Nimemuuliza mbuzi alikuwaje. Kasema wote wawili walikuwa weusi.

Tutarudia kesho.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeiangalia filamu mara mbili, peke yangu, na kalamu. Madubwana yametoka ardhini, yameila dunia, sasa ni mwaka wa tatu. Hayana macho, hayana masikio. Yanafuata harufu ya chakula kinachopikwa. Ukikaanga kitunguu tu, yamefika. Kwa hiyo waliobaki hai wanakula vya makopo, baridi, wanatafuna wametoa macho.

Kuna nyumba moja porini. Steringi, mkewe, binti yao, na mama wa mke, bibi mwenye homa. Steringi anaondoka kutafuta mafuta ya gari. Huku nyuma bibi anakufa. Steringi anarudi baada ya miezi minne, anasema njia ilizibwa na madubwana. Mwisho wanapika sufuria kubwa la nyama ghalani, dubwana linaingia, wanalichoma moto, wanakumbatiana.

Matobo! Sijawahi kuona mavuno ya namna hii. Dunia imekwisha miaka mitatu lakini majani ya uani yamefyekwa jana. Steringi hana hata udevu mmoja. Mkewe kasukwa nywele upya kila tukio, na hakuna mwanamke mwingine duniani wa kumsuka. Makopo hayana kutu. Na kama dubwana linakufa kwa mtego wa sufuria moja la mchuzi, kwa nini hawakupika mwaka wa kwanza?

Nilikuwa nacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nimepata wazo. Wazo zuri mno!

Mume aliyechelewa kwa sababu ya njia. Mke anayemsubiri. Mama mkwe marehemu. Hii filamu imetengenezwa kwa ajili yangu! Nitamwalika Mikdad Jumamosi, nimkalishe mbele. Na mimi ndiye mwenye kipaza sauti. Steringi na mkewe wanasema Kikorea au sijui nini, hakuna anayewaelewa ila mimi, na mimi mwenyewe siwaelewi, nasoma maandishi ya chini. Nitaweka maneno yangu. Mke ataonekana anampokea mume wake vizuri, hamuulizi kitu. Mikdad ataguswa, atarudi Bagamoyo na moyo laini, atasema na dada yake. Ijumaa nitakuta mlango umeshafunguliwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Lahaula!

Kibanda kilijaa saa nane mchana. Mikdad kaja. Kakaa mbele, mikono kifuani. Bi Mwanvita, anayekaanga kachori pale mlangoni, kaacha karai lake kwa mdogo wake akaja kusimama ndani. Hapo ningejua mapema. Bi Mwanvita akisimama ndani hakuna filamu inayosalimika.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nimetaja majani ya uani, watu hoi. Nimetaja ndevu. Bi Mwanvita kauliza kwa nini hawaaniki samaki juani, kwani jua nalo linatoa harufu ya mapishi? Kibanda kimepasuka kwa kicheko. Hata Mikdad kachezesha mdomo.

Halafu steringi akarudi. Nikashusha sauti, nikaweka ile ya huzuni. Nikamtafsiria mke: pole na safari, mume wangu, najua gari liliharibika, nawe ni mtu mwema, sikuulizi lolote. Nilikuwa bado nasema "sikuulizi" na mwanamke yule kaokota sufuria, kamtandika nayo steringi ya kichwa!

Nilikuwa nimelisahau tukio la sufuria. Nimeliangalia mara mbili na nimelisahau.

Nikasema anamrushia akanawie mikono. Watu wakaanza kuzomea. Nikasema kwa mila za kwao hiyo ni salamu. Bi Mwanvita akanyanyua kidole. Kauliza, huyu mwanamume miezi minne duniani hakuna anayepika, mbona shavu limejaa? Nani anampikia huko? Nikajibu alikula matunda. Kauliza mbona hakuwaletea wenzake hata embe. Kauliza tena, njia ilizibwa, sawa, na yeye kapita wapi kurudi? Kama ilifunguka, ilifunguka lini? Kama haikufunguka, basi haikuzibwa.

Hayo yote nilikuwa na la kujibu. Kazi yangu ni kuwa na la kujibu. Lakini kauliza na la mwisho, safari hii bila kucheka. Kasema, mama wa mke kafa pale kitandani, tukio linalofuata wanafungua kopo. Nani kamwosha? Nani kachimba? Nani kamsomea? Na yeye mkwe kurudi hajauliza hata kaburi liko wapi.

Wote wakanigeukia nijibu, kama kawaida. Nikasema tuendelee na filamu. Miaka kumi na minne sijawahi kusema tuendelee na filamu.

Wakati wa kutoka Mikdad kanisubiri mlangoni. Kaniuliza polepole, siku ile Vigwaza ulikula nini. Nikasema wali maharage. Wapi? Kwa mama lishe. Akatikisa kichwa. Kumbe kulikuwa na watu, akasema. Na kati ya wote hao hakuna aliyekuwa na simu.

Kaondoka bila kuaga. Nilitamani dubwana linile. Mimi, siyo yeye.

Jumapili, 17 Agosti

Sikutoka leo. Nimekaa kitandani nafikiria filamu ya jana. Siyo sufuria. Ni matobo yenyewe, yanakotoka.

Zamani nilidhani matobo ni uvivu. Mwenye filamu kachoka, kaacha pengo, kaenda kula. Sasa naona sivyo. Yule aliyetunga ile hadithi alijua kuzika ni kazi. Alijua mtu akifa pana kulia, pana kubeba, pana kukaa na waliofiwa, na mkwe anaporudi lazima aseme kitu. Hakutaka kuyatazama hayo. Kageuzia kamera kwenye kopo la maharage. Kila tobo liko mahali ambapo mtu kaogopa kuangalia.

Na hili nalo. Zuwena hakuwa mtu wa kuuliza. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimwambia nimechelewa kwa sababu umeme ulikatika, anacheka, anapakua chakula, na huku taa zinawaka mtaa mzima. Matobo alikuwa akiyaona. Alikuwa akiyaruka tu, kwa kuwa alitaka hadithi iendelee. Mtu anayependa filamu anafanya hivyo. Siku anapoanza kuhesabu risasi, ujue amechoka.

Haya. Wewe daftari huna mdomo, nikwambie.

Sikwenda Vigwaza. Vigwaza sijakanyaga mwaka wa nne huu. Asubuhi ile nilivaa kanzu, nikatia juzuu kwenye mfuko, nikaenda barabarani Kerege. Gari la kwanza la Bagamoyo likasimama. Sikupanda. La pili likasimama. Sikupanda. La tatu konda akaniita shehe, karibu shehe. Nikarudi nyumbani.

Sijui kusoma msahafu. Nasoma, lakini kwa kuhijia, herufi moja moja, kama niko chuo cha Kurani na miaka saba. Nilitoroka chuo nikiwa darasa la tatu nikaenda kuangalia video. Wiki mbili nzima nimekaa na ile juzuu, nimepachika vikaratasi kila ukurasa, nimeandika matamshi kwa herufi zetu, na bado nilikuwa najikwaa mstari wa pili. Mimi! Mtu ambaye akifungua mdomo Kerege nzima inanyamaza. Nikakae katikati ya wazee wa Bagamoyo nagugumiza kama mtoto, na Mikdad pembeni anasoma kama maji?

Niliona haya. Ndilo hilo tu. Limekaa mstari mmoja.

Sasa swali ni namna ya kuliziba.

Jumatano, 20 Agosti

Bwanausi ameiva. Gari jeupe, mbuzi mmoja, hakuna mvua. Tumerudia mara kumi na moja.

Jioni hii nimepata ujasiri nikampigia Zuwena. Kapokea. Kaniuliza kama nakula. Nimesema nakula. Kauliza kama kifua kimepona. Nimesema kimepona. Nilikuwa nasikia watu wa kwao wanatwanga kitu kwa nyuma.

Halafu kasema, unajua kwa nini Baba alikupa wewe ile juzuu? Mimi nikadhani ni kwa sababu ni mkwe. Kasema siyo. Marehemu Mama alipokuwa amelala mgonjwa, mwezi wa mwisho, alikuwa akimwambia Mikdad amwekee sauti yangu kwenye simu. Filamu hata hatazami, macho yalishachoka. Anasikiliza tu. Anacheka mpaka anakohoa. Alisema, Shamsu ana sauti, siku yangu asikose.

Sikujua. Wallahi sikujua.

Zuwena kasema, filamu moja unaiuliza maswali hamsini. Mimi nina moja. Ulikuwa wapi?

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema mtandao unakatika. Nikasema haloo, haloo, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzima, nguzo zote nne kwenye kioo.

Ijumaa, 22 Agosti

Nitaandika yote.

Tumeswali Bagamoyo, mimi na Bwanausi, tukaenda nyumbani kwa Mzee. Yeye ni mshona kofia. Kazi yake ya miaka hamsini ni vile vitobo vidogo vya kofia, kuvizungushia uzi kimoja kimoja visichanike. Tumemkuta barazani na kofia gotini. Shikamoo, Baba. Marahaba, mwanangu. Kauliza hali ya nyumba, hali ya kazi, hali ya afya. Hakuharakisha hata salamu moja. Mikdad kakaa pembeni. Pazia la mlango wa ndani limeshushwa, na chini yake naona ncha za kandambili za Zuwena.

Nikamtambulisha Bwanausi, dereva wa siku ile. Mzee kamshukuru kwa kuja. Bwanausi akaanza bila kuulizwa. Gari jeupe, akasema. Mbuzi mmoja. Hakuna mvua. Mzee akangoja. Bwanausi jasho likamtoka. Akaongeza, na kufika Vigwaza tulipita kwanza Saadani.

Saadani! Huko mbugani, kaskazini kabisa! Sijui kimemtoka wapi. Nadhani aliona kimya kimezidi.

Mikdad kafunika uso kwa kiganja. Nyuma ya pazia mtu kakohoa. Mzee kasema tu, umeleta juzuu?

Nikaitoa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua. Astaghafirullah, vikaratasi! Nilisahau kuvitoa. Kila ukurasa kikaratasi, na mwandiko wangu mkubwa wa penseli, matamshi kwa herufi zetu. Akafunua wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alifunua mpaka wa mwisho, bila haraka, na mimi nilikuwa nakisikia kila kikaratasi.

Akanitazama. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikajikuta nasema mwenyewe: niliona haya, Baba.

Bwanausi kanikanyaga mguu. Alidhani nimesahau maneno.

Mzee kairudisha juzuu mikononi mwangu, kasema, soma. Nikasema sijui. Kasema, najua, soma.

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza peke yake sijui ulichukua muda gani. Najikwaa, ananirudisha. Najikwaa, ananirudisha, sauti ile ile ya chini, mkono unaendelea na kofia yake. Sauti yangu ya kibandani haikutoka, ilitoka ya mtoto. Jasho. Machozi pia, niandike ukweli. Watu wamepita barabarani wametoa salamu, wameniona, na sikufa. Adhana ya alasiri imenikuta sijafika nusu. Tukaswali, tukarudi, nikaendelea. Bwanausi kalala akiwa ameegemea nguzo.

Nilipomaliza, Mzee kaomba dua, kamtaja marehemu kwa jina lake. Halafu kasema neno ambalo litanikaa mpaka kaburini. Kasema, siku ile hatukukungoja usome. Juzuu ingesomwa na yeyote, hapa hakukosekana msomaji. Ungekaa tu, mwanangu. Ungekuja ukakaa.

Nikalia kwa sauti. Sina la kuongeza.

Zuwena hakutokeza. Lakini zile kandambili hazikusogea tangu nilipoanza kusoma mpaka mwisho. Wakati wa kuondoka Mikdad kanipa mkono. Kasema dada atafikiria, na nisiwe na haraka.

Jumapili, 24 Agosti

Amerudi! Zuwena amerudi!

Mikdad kamleta saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefagia uwanja mara mbili. Nimempokea, nimemwambia karibu. Kaingia, kazunguka nyumba, kagusa gusa vyombo vyake. Kapika. Tumekula pamoja.

Baada ya kula kaniambia sharti. Kasema kulia kwangu alikusikia, na kusoma kwangu alikusikia, na amenisamehe la arobaini. Lakini hana tena nguvu za kuruka matobo. Kasema niseme jambo lilivyo, hata dogo, hata la aibu, atalipokea. Likiwa kubwa atalipokea. Uongo hata wa punje ya mchele hataupokea. Safari nyingine hatamtuma Mikdad wala Baba, atakwenda mwenyewe kwa kadhi.

Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, na machozi yamenilenga. Mimi ni mtu mpya. Bi Mwanvita kapita kusalimia, kasema nimeng'aa.

Jumanne, 26 Agosti

Imetokea kijambo.

Asubuhi Zuwena kaenda kwenye banda la kuku kuwahesabu. Kaniuliza mtetea wake mwekundu yuko wapi, yule aliyepewa na marehemu mama yake.

Ukweli ni kwamba nilimla. Siku moja katika ile wiki ya huzuni, njaa ilinishika, sikuwa na hamu ya kwenda kununua kitu, naye alikuwa karibu. Sikujua ni yule wa mama. Au nilijua, sikumbuki vizuri. Sasa utamwambiaje mwanamke aliyerudi juzi kwamba umemla kuku wa marehemu mama yake kwa ugali? Ni ukatili! Kuna ukweli mwingine unaumiza tu, haujengi. Nimetafakari sana juu ya yote yaliyopita, na naona kosa langu lilikuwa wapi. Hadithi ya Vigwaza haikuandaliwa. Ilikuwa na barabara mbaya, mbuzi asiye na mwisho, shahidi mjinga. Fundisho nimelipata.

Kwa hiyo nimesema kicheche.

Safari hii nimefanya kazi kwa ustadi. Hakuna shahidi. Hakuna gari. Kicheche wapo, kila mtu anawajua. Wakati yuko bafuni nimefukua yale manyoya kwenye shimo la taka, nikayatawanya kutoka bandani kuelekea kichakani, mengi mwanzoni, machache kadiri unavyokwenda, jinsi mnyama anavyoburuta. Nimechana waya wa banda kidogo, ukubwa wa kicheche. Nimeipitia hadithi nzima mara tatu, tukio kwa tukio, kama inavyopitiwa filamu. Haina tobo hata moja. Wallahi nimejisikia fahari kidogo.

Zuwena kanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha katoka uani. Mimi nikakaa kuandika haya.

Sasa ananiita. Ameokota konzi ya yale manyoya, yameshikana mabonge mabonge. Anauliza kwa upole kabisa, sauti ya baba yake, huyo kicheche alichemshia wapi maji ya kumnyonyolea kuku.

Begi lake liko mlangoni, halijafunguliwa tangu juzi. Uchovu, nadhani.

Nimemwambia naja, nimalizie mstari. Maji ya moto. Maji ya moto… Bi Mwanvita huinjika sufuria la maji kila alfajiri, tena haliweki kifuniko. Kicheche akiwa amepitia kwanza kwa Bi Mwanvita, na kuku mdomoni, akateleza…